Ombi la Kuondolewa Mzinga, au Mimi Kuandikishwa Kuwa Nyuki

Baba Mdogo mheshimiwa,

Shikamoo. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: nawaonea wivu nyuki. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye fundi uliyetengeneza ule mzinga, ukauweka nyuma ya jiko letu na kusema tutafaidika. Malalamiko yangu ni kwamba tumefaidika kupita kiasi. Ushahidi ni huu:

1. Asali ni nyingi mno. Mama humpa kijiko kila jirani mwenye kikohozi, na sasa mtaa mzima unakohoa. Hata mwalimu wa hesabu hukohoa akisahihisha daftari langu, kisha hunitazama.

2. Shangazi, aliyezoea kuniuliza mbele za watu kwa nini siongei, aliumwa puani na hajarudi tena. Hili silalamikii. Nimeliandika ili nisiwaonee nyuki.

3. Baba. Unamjua kaka yako, maneno huyapima kama dawa. Nikitoka shuleni huniuliza, "Umefunga geti?" Basi, imetoka hiyo. Lakini jioni huinama kwenye mzinga, na nimemsikia kwa masikio yangu mawili: "Poleni, wanangu. Mmechoka?" Wanangu! Wao wapo maelfu, mimi nipo peke yangu, na pole zote zinaishia kwao.

4. Nikifeli jaribio Baba hunikumbusha: "Fuata nyuki ule asali." Nimewafuata, nimekula, na bado hakuna anayeniuliza kama nimechoka. Zaidi ya hayo, nimesoma kitabu kizima maktabani. Nyuki dume hakusanyi chochote, hulishwa na dada zake, wala haulizwi habari za geti.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: uje Jumamosi uchukue mzinga wako, au umshawishi Baba aniandikishe kuwa nyuki. Kuamka mapema naweza. Kuuma nitajifunza.

Nisalimie Mama Mdogo, mapacha, na yule paka wenu asiyeitikia salamu.

Mwanao mtiifu,
Kamusi (kama mnavyoniita)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, nusu ya nyuki walihama na malkia wao, wakaning'inia kwenye kibao cha kinyozi kama ndevu. Wateja walikimbia wamenyolewa upande mmoja. Baba alikuwa kazini. Nilijifunika chandarua, nikakumbuka ukurasa wa kitabu, nikawakung'utia ndani ya katoni, nikawabeba hadi nyumbani huku nikiwabembeleza watulie, kwa sauti, mtaa mzima ukinisikia. Baba aliporudi alinikuta nimeketi kando ya katoni, jicho moja limevimba. Akainama.

"Pole, mwanangu. Umechoka?"

Basi Jumamosi njoo, lakini mzinga usiuguse. Lete wa pili, maana hawa wamo kwenye katoni na hawaipendi. Mimi nilimjibu Baba kwamba sijachoka, kisha nikaenda kufunga geti.