Makofi Hayaulizwi Sababu

Saa 10:40 jioni, Jumamosi tarehe 14 Machi, spika mbili ziliwashwa katika Mwalo wa Nyabitare, Pasiansi, mitumbwi ya ziwani inaposhushia samaki, na Mwenyekiti wa Umoja wa Wadau wa Mwalo, Mheshimiwa Maige, akatangaza kwamba demokrasia imekamilika. Kuanzia siku hiyo wananchi hawatapiga kura tena. Watapiga makofi.

Mimi ni Katibu wa Umoja huo. Jina langu ni Nathaniel. Kabla ya ukatibu nilipima sangara kwenye mizani ya mwalo kwa miaka kumi na mmoja, na taarifa hii naiandika kwa utaratibu uleule: kilichowekwa juu ya mizani kinaandikwa, kisichowekwa hakiandikwi.

Sababu za uamuzi zilielezwa kwa ufasaha. Mwenyekiti alikuwa amechaguliwa mwaka uliotangulia kwa kura 214 dhidi ya 61. Zile 214, alisema, zilikuwa za wananchi. Zile 61 alikuwa bado anazichunguza.

"Ndugu zangu," alisema, "kula ya sili ni kichaka. Mtu anajificha nyuma ya kalatasi! Mwananchi halisi ana nini cha kuficha?"

Katika muhtasari niliandika "kura ya siri", kwa kuwa muktadha uliruhusu.

Ili makofi yasiwe ya kukisia, Umoja ulipata simu yenye programu ya kupima kelele. Mwenyekiti aliipa jina Kipimo cha Sauti ya Wananchi, kwa kifupi KISAWA. Kanuni niliziandika mimi. Hoja inasomwa, wananchi wanapewa sekunde thelathini, KISAWA inatoa namba ya juu kabisa iliyofikiwa. Desibeli 90 na kuendelea, hoja imepita. Chini ya 90, wananchi hawajaelewa, na hoja inarudiwa mpaka waelewe. Mjumbe mmoja aliuliza kifungu cha hoja kukataliwa kiko wapi. Nilimjibu kwamba tukio hilo halikutarajiwa.

Sanduku la kura, la mbao, lenye tundu juu, lilikosa kazi. Evelina, mwanika dagaa, aliomba apewe. Alipewa.

Mkutano wa tarehe 4 Aprili ulikuwa na ajenda moja: kuivunja Kamati ya Usuluhishi, ambayo kwa mujibu wa katiba ilikuwa na uwezo wa kutengua maamuzi ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alieleza kwamba wananchi hawawezi kukosea, na asiyekosea hahitaji msuluhishi. Kipimo cha kwanza kilitoa 72. Cha pili, 74. Wakati wa kipimo cha tatu timu moja kutoka Dar ilifunga bao, na redio ilikuwa kwenye kibanda cha chai, hatua kumi kutoka mkutanoni. KISAWA ilisoma 96.

Evelina alisimama. "Mheshimiwa, hawa wameshangilia bao."

"Mama Evelina, wamepiga makofi au hawajapiga?"

"Wamepiga, lakini..."

"Lakini! Huu ndio ugonjwa wa wasomi." Evelina aliishia darasa la saba; niliiacha kauli ilivyo. "Mimi nakuuliza makofi, wewe unaniletea lakini. Makofi hayaulizwi sababu!"

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe, akaagiza niyaingize kuwa Kanuni ya Nne. Niliyaingiza. Kanuni ya Tano, kwamba matokeo ya KISAWA hayakatiwi rufaa popote, ilipitishwa dakika hiyohiyo, watu wakiwa bado wanashangilia.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa kasi. Kiliundwa Kikosi cha Hamasa cha watu ishirini chini ya Chenge, fundi wa injini za mitumbwi, mwenye viganja vipana kuliko mtu yeyote mwaloni. Chenge alifanya utafiti na kuthibitisha kwamba kiganja kilichokunjwa kidogo kinatoa desibeli sita zaidi ya kiganja kilichonyooka. Ubao wa matangazo, uliokuwa ukionyesha mapato, ulibandikwa picha ya Mwenyekiti akiwa ameshika sangara. Sangara huyo nilimpima mimi. Alivuliwa na mtu mwingine.

Tarehe 25 Aprili ilipitishwa tafsiri ya mwananchi halisi: "mtu ambaye makofi yake yamesikika." Kwa tafsiri hiyo Bi. Zohra alipata tatizo.

Bi. Zohra anauza barafu. Banda lake liko mwaloni tangu enzi za babu yake, na bila barafu hiyo sangara hafiki kiwandani akiwa sangara. Mikutanoni huwa hapigi makofi, kwa kuwa anakuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono imekufa ganzi, ameificha kwapani. Mwenyekiti aliligundua hilo, akalieleza umati.

"Wapo wanaotugandisha, ndugu zangu! Tunauliza kwa nini maendeleo yameganda. Nani anauza barafu hapa?"

Watu walicheka. KISAWA ilisoma 91, ingawa hakukuwa na hoja mezani. Iliamuliwa kwamba hoja iandaliwe.

Hoja ilisema Bi. Zohra afutwe kwenye daftari la wadau na banda likabidhiwe kwa mwananchi halisi. Mwananchi halisi aliyependekezwa alikuwa shemeji wa Mwenyekiti, mwenye friji.

Bi. Zohra alikuja ofisini kwangu kuchukua nakala yake. Aliisoma akiwa amesimama.

"Katibu, mimi nimezaliwa hapa. Babu yangu amezikwa hapa, baba amezikwa hapa. Nikifutwa hapa niandikwe wapi?"

"Fomu haina sehemu ya swali hilo, Bi. Zohra."

"Na huyo Maige si katoka Usagara juzi tu?"

"Ni miaka sita," nilisahihisha.

"Haya. Juzi ya miaka sita." Aliikunja nakala mara nne. "Banda hili ndilo linalowalisha wanangu, Nathaniel. Ukienda kupima hizo kelele zenu, ukumbuke hilo nalo lina uzito."

Niliandika kwamba nakala imepokelewa.

Mkutano ulipangwa Jumamosi tarehe 16 Mei. Mwenyekiti aliusogeza kutoka alasiri hadi saa 12:15 jioni, kwa sababu alitaka urushwe mubashara kwenye simu, na taa kubwa alizokodi pamoja na jenereta zingempendeza zaidi giza likiingia. Evelina alikuja kutoa angalizo.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mama. Lakini zangu leo?"

"Leo sina lakini. Nasema tu hiki ni kipindi cha giza, mwezi haupo. Wavuvi wa dagaa wanataka kuingia ziwani jioni. Halafu wale wadudu wa ziwani wanatoka kipindi hikihiki. Ukiwasha taa kubwa, umewaita."

"Wadudu nao siku hizi ni wapinzani?"

Wote waliokuwepo walicheka. Kuhusu wavuvi, Mwenyekiti alitoa agizo: hakuna mtumbwi kutoka kabla mkutano haujafungwa. Kwa hatua hiyo akidi ilipatikana. Nilihesabu watu 302.

Saa 12:48 hoja ilisomwa. Chenge na kikosi chake walikunja viganja wakapiga kwa sekunde zote thelathini. Wavuvi walikuwa wakitazama mitumbwi yao. KISAWA, iliyokuwa mezani kando ya kipaza sauti cha Mwenyekiti, ilisoma 88.

"Hawajaelewa," alisema Mwenyekiti. "Rudia!"

Nilimkumbusha kwamba kabla ya marudio mtuhumiwa ana dakika mbili za kujitetea. Kifungu hicho nilikinakili kwenye kanuni kutoka katiba ya zamani, na hakuna aliyekiona.

Bi. Zohra alipanda jukwaani saa 12:52. Aliangalia ziwani. Na mimi niliangalia. Upande wa magharibi, juu ya maji, palikuwa na nguzo tatu za kitu kinachofanana na moshi, na upepo ulikuwa unavuma kuja kwetu. Kisha akaanza kuwasalimia wazee kwa Kisukuma, mmoja mmoja, kwa majina, akiulizia na mifugo.

"Mwadila, mzee Ngosha. Yule ng'ombe alizaa?"

"Alizaa, mayu! Dume!"

Salamu zilichukua dakika moja na sekunde arobaini. Mwenyekiti alimwamuru aingie kwenye hoja.

"Naingia," alisema Bi. Zohra. "Mwenyekiti anasema wananchi wakipiga makofi hawakosei. Nakubali. Basi waulizwe na upande wa pili. Mimi nimepata 88. Ipimwe hoja kwamba aondoke Mwenyekiti. Akipata chini ya hapo, naondoka leo, barafu namwachia."

Simu ya mubashara ilimgeukia Mwenyekiti. Mtu anayetazamwa na watu wengi hivyo hana njia nyingi.

"Andika, Katibu!" alisema akicheka. "Soma hoja. Nani hapa atakupigia makofi, mama barafu? Washeni taa zote wananchi waonane!"

Taa zote ziliwashwa saa 12:57. Nilisoma: "Kwamba Mheshimiwa Maige aondolewe kwenye uenyekiti kuanzia leo." Nilibonyeza saa. Nguzo tatu zilikuwa zimefika nchi kavu.

Wadudu wa ziwani hawaumi. Wanaingia tu: puani, masikioni, katikati ya neno. Mtu anajitetea kwa njia moja, nayo ni viganja viwili. Watu 302 walijitetea kwa wakati mmoja. Kikosi cha Hamasa, kwa mazoea, kilijitetea kwa viganja vilivyokunjwa. Mzee Ngosha alipiga hata mgongo wa jirani yake. Mimi mwenyewe nilipiga makofi manne. Wadudu niliowaua ni wawili. Evelina alikuwa amejitanda kanga hadi machoni na hakuna mdudu aliyemfikia. Alipiga makofi sekunde zote thelathini.

Katika sekunde ya kumi na mbili KISAWA ilisoma 97. Katika sekunde ya ishirini na moja mdudu mmoja alitua kwenye kipaza sauti, na Mwenyekiti akampiga kwa mikono miwili, mbele ya spika mbili. KISAWA ilisoma 109. Ni namba ya juu kuliko zote katika historia ya Umoja.

"Hoja imepita," nilisema.

"Ni wadudu!" alisema Mwenyekiti akitema. "Katibu, hawa ni wadudu, siyo wananchi!"

"Makofi ni ya nani?" aliuliza Evelina kutoka ndani ya kanga. "Wadudu wana viganja?"

"Watu wamepiga wadudu, hawakupiga hoja! Lakini..."

"Aa, Mheshimiwa! Lakini tena?"

Umati wote ukamsaidia, kwa sauti moja, kama watoto wa shule wakisoma ubaoni: "Makofi hayaulizwi sababu!"

Maige alidai rufaa iende kwenye Kamati ya Usuluhishi. Nilimsomea muhtasari wa tarehe 4 Aprili. Alidai kura.

"Kura gani?" niliuliza, ili niandike sawasawa.

"Ya sili. Ya kalatasi. Kila mtu peke yake, bila kuogopeshwa. Ni haki yangu!"

Niliandika "ya siri". Nikauliza sanduku liko wapi.

"Liko kwangu," alisema Evelina, "ila ndani kuna kuku, anaatamia. Mwache siku tisa."

Bi. Zohra alishuka jukwaani akaenda kufunga banda. Hoja ya kumfuta haikurudiwa, kwa kuwa mtoa hoja hakuwa tena na wadhifa. Chenge alikwenda kuwasha injini ya mtumbwi wake.

Kwa kuwa kudai kura ni hoja kama hoja nyingine, nililazimika kuipima. Saa 1:06 usiku nilisoma: "Kwamba Umoja urudishe kura ya siri kwa ajili ya ndugu Maige." KISAWA ilisoma 61. Wananchi hawakuwa wameelewa, hivyo niliirudia saa 1:08, wavuvi wakiwa wameanza kusukuma mitumbwi. 57. Saa 1:11 aliyekuwa akipiga makofi alikuwa ndugu Maige peke yake, kiganja kikiwa kimenyooka. 54.

Saa 1:14 nilirudia mara ya mwisho. KISAWA ilisoma 52. Jenereta peke yake husoma 52.