Wunibald Avuka Mpaka kwa Treni ya Kila Kituo

Nyamazeni kidogo, enyi mnaopita kwa treni za kasi bila kuona hata jina la kituo, mpate kusikia habari za Wunibald Zwickl wa Memmingen, fundi vigae mstaafu, simba wa tiketi za bei poa, aliyeuvuka mpaka wa Austria kwa treni ya kila kituo.

Miaka kumi na mmoja kabla ya siku hiyo, shujaa huyu alikwenda Bregenz, ng'ambo ya mpaka, kwa treni hizo hizo za pole pole, kumzika mama yake, akafika kaburi limeshafukiwa. Dada yake, Notburga, hakusema naye tena. Kisha, mwezi wa Septemba, ikaja kadi: “Jumamosi natimiza themanini. Chakula saa saba mchana. Hatumngoji mtu.”

Mkewe Kreszenz, jemadari wa nyumba ile, akanena, “Safari hii tunapanda ya haraka, Wuni. Sitaki kuaibika mbele ya wifi.”

Wunibald akasimama katikati ya jiko kama aliye mbele ya majeshi. “Mke wangu, pasi zetu za mwezi zatufikisha Lindau, mpakani. Toka hapo ni kipande tu. Treni yasimama dakika nne. Nitashuka, nitakata tiketi mbili, nitarudi. Nimepiga hesabu.”

“Hata siku ya mazishi ulipiga hesabu.”

Shujaa akachukua kofia. Nia hakubadili.

Basi wakaondoka, Kreszenz akiwa amepakata sinia la keki ya plamu, na treni ikasimama penye kila zizi na kila kiwanda cha mbao, hata ikaingia Lindau imechelewa dakika mbili. Za vita zikabaki mbili.

Wunibald akashuka, magoti yakilia, akaikabili mashine ya tiketi. Nayo ikamhoji kwa maandishi, pole pole, kama kadhi. Anasafiri na mbwa? Hapana. Ana baiskeli? Hapana. Daraja la kwanza? Hilo alilihesabu kuwa tusi.

Huko nyuma, Kreszenz alikuwa ameweka mguu mlangoni.

“Mama, toa mguu, treni inaondoka,” akasema mkaguzi, mwanamke mnene mwenye filimbi.

“Mguu huu una miaka sabini na minne, mwanangu. Hauamrishwi ovyo ovyo.”

“Ratiba ni ratiba!”

“Na mume ni mume. Yule pale. Wako akiachwa, wewe ungeondoka?”

“Wangu? Ningeondoka jana.”

Lakini filimbi hakuipuliza. Mashine ikatema tiketi ya kwanza, ikafikiri, ikatema ya pili. “Kimbia, mzee wewe!” akapaza sauti Kreszenz, na Wunibald, ambaye mara ya mwisho alikimbia akifukuzwa na nyuki wa jirani, akakimbia. Mlango ukajifunga nyuma yake, ukaibana ncha ya koti. Mkaguzi akazitazama tiketi mbele na nyuma.

“Ziko sawa,” akasema, kwa masikitiko kidogo.

Treni ikaambaa ziwa. Shujaa aliketi akizikunja tiketi, asifurahi.

“Kresz. Siku ile ya mama… ningelipa chochote.”

“Usiniambie mimi. Kamwambie dadako.”

Notburga alifungua mlango mwenyewe, upawa mkononi. Wageni wengine walikuwa wakivuta viti. Wunibald alikuwa ametunga hotuba ndefu tangu Memmingen. Yote ikamtoka kichwani.

“Dada,” akasema, “nilichelewa.”

Notburga alijua anasema habari za siku gani. Akamtazama sana. “Ulichelewa, bahili mkubwa we. Nilimtupia mama udongo peke yangu.”

“Najua.”

“Haya, ingia. Wifi, nipe hiyo keki kabla huyu hajaiangusha.”

Wenye kuandika habari za falme, wakiisha kuandika vita na mikataba, waongeze mstari mmoja: kwamba Jumamosi ile, huko Bregenz, saa saba kasoro dakika nane, Wunibald Zwickl aliketi karibu na dada yake, na supu ilikuwa bado haijapakuliwa.