Pingamizi la Kuhamishwa kwa Wembe wa Marehemu Baba

Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo.

Kwa unyenyekevu mkubwa nachukua nafasi hii kukutangazia, wewe pamoja na ukoo mzima, kwamba wembe wa kukunja wa marehemu Baba hali yake ni njema. Leo umeamka salama, umefutwa, umepakwa mafuta na kurudishwa kwenye kifuko chake cha kitambaa. Kutu hauna. Nimeanza na habari njema kwa sababu zinazofuata si nzuri.

Nimepata taarifa kupitia kwa binti yako, aliyeitoa huku akimenya vitunguu bila kunitazama, kwamba kwenye kikao cha familia cha Jumamosi wembe huo utatolewa kwangu apewe Shemeji, kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume wa marehemu. Mama, uamuzi ni wako, na mimi ni mkwe tu. Lakini ninayo malalamiko, na nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Shemeji hana adabu na chuma. Mara ya mwisho alipouazima wembe ule, alifungulia kopo la rangi. Nilipomuuliza alinijibu, "Si limefunguka lakini?" Wembe ulirudi na pengo ambalo ukipitisha ukucha unakwama.

2. Pengo lile nililiondoa mimi. Naomba nieleze kidogo, maana kikaoni najua sitapewa muda. Baba alinifundisha kunoa hapo uani kwenu, kwenye benchi lililo karibu na karo la kufulia. Wembe unalazwa kabisa juu ya jiwe lililoloweshwa, mgongo na makali vyote viguse, kisha unasukumwa makali yakitangulia. Ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, siyo kwa makali. Kwenye mkanda wa ngozi, ule wa kulainishia makali baada ya jiwe, mambo yanakuwa kinyume: mgongo ndio unaotangulia, na ukisahau unaukata mkanda. Niliukata. Nikakata na wa pili. Baba alivua mkanda wa suruali yake akanipa, akaendelea kukaa pale huku ameishikilia suruali kwa mkono mmoja. Mama, huo ndio ualimu.

Siku wembe ulipokubali kukata, Baba alijipitishia shavuni, halafu akasema, "Mwanangu, lete maji." Mpaka hapo alikuwa akiniita "huyo bwana". Shemeji ameitwa mwanangu tangu anazaliwa, na hajawahi kunoa hata kisu cha mkate. Sitaki kulalamika sana hapa.

3. Hapa nataka kulalamika sana. Binti yako, ambaye nampenda, na hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu za kikao, alilichukua jiwe la kunolea akaenda nalo bafuni kusugulia nyayo. Wala si mara moja. Niligundua pale jiwe lilipoanza kufanya bonde katikati na visigino vyake vikaanza kung'aa. Wembe haunoleki kwenye bonde. Ilibidi nilisugue jiwe kwenye sakafu ya saruji asubuhi nzima mpaka likawa sawa, na mpangaji wa chini akapanda kuuliza kama tunahamia au tunahama.

4. Unyevu. Wembe ukikunjwa na unyevu, kutu inaanzia kwenye kiungo, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa sababu hiyo nimepiga marufuku nyumbani kwangu kuchemsha kitu bila mfuniko, kuanika nguo ndani, na kuoga maji ya moto mlango ukiwa wazi. Watu wengine wangeshukuru kwa utaratibu kama huo. Binti yako amesema wembe ule ungekuwa mtoto tungeshaupeleka shule. Nikamwambia ungefaulu. Tangu hapo tunakula kimya.

5. Majaribio. Makali hujaribiwa kwa unywele. Nimetumia nywele za mkono wangu wa kushoto mpaka zimekwisha, nikahamia mguuni, na kazini sasa wananiita Kuku Kanyonyolewa. Nimevumilia. Nilimwomba binti yako unywele mmoja tu wa kichwani, akaenda kulala amejifunga kilemba.

6. Kwa hayo yote naomba kikao kiamue yafuatayo. Shemeji afanyiwe mtihani wa jiwe na ngozi mbele yako, na wewe ndiye usahihishe, kwa kuwa umeishi na wembe ule muda mrefu kuliko sisi sote. Akishindwa, wembe ubaki kwangu. Akifaulu, kitu ambacho sikitegemei, basi wembe ukihamishwa nami nihamishwe nao. Nitakaa kwa Shemeji kama mtunzaji. Nitalala popote, ilimradi pawe pakavu. Nimemshirikisha binti yako katika jambo hili, naye amesema ruhusa ipo na begi atanifungashia mwenyewe.

Njia nyingine ni kunitambua mimi kuwa mtoto wa kiume wa marehemu, maana aliniita hivyo kwa kinywa chake, na Shemeji tumtambue kuwa mkwe. Hili nimelifikiria kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba binti yako atakuwa dada yangu, kwa hiyo nimeona tuliache.

Mama, sina tamaa ya vitu. Redio ya Baba aliichukua Shemeji, sikusema. Baiskeli aliichukua, nikaisukuma mwenyewe mpaka kwake. Lakini kwenye ule wembe, kila ninapouvuta juu ya mkanda namsikia mzee akiguna pembeni pale ninapokosea. Huko kwa Shemeji ataguna kwa nani?

Nisalimie wote hapo nyumbani: shangazi, wapangaji wa uani, na fundi viatu wa barazani. Shemeji naye umsalimie, ila kwa kifupi.

Naomba niishie hapa nikaufute wembe, hali ya hewa imebadilika.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mume wa binti yako, hadi sasa.

Tanbihi: Shemeji amenipigia simu nikiwa nafunga bahasha. Anasema mtihani ataufanya, ila naye ana swali moja la kuniuliza mbele ya watu, kwamba mimi wembe naufanyia nini. Nimeona nikujulishe mapema, Mama, usije ukashtukizwa kikaoni. Mimi sina ndevu. Hazijawahi kuota.