Uzi Mdomoni

Jumatano, 6 Februari
Shajara, niwie radhi kwa kukunyamazia tangu sikukuu ya Hanuka, Desemba. Sikuwa na la kujivunia. Sasa ninalo. Kamati itachagua atakayefungua kongamano letu la fasihi ya Kirusi na maisha ya Wayahudi: mimi au mtafiti mwenzangu Dora Lifshits. Nimekwisha kustaafu, nafasi nyingine sitaipata. Hoja yangu inahusu hadithi moja ya zamani ya Kirusi. Fundi nguo Myahudi anamshonea mteja mkono wa koti akiwa amelivaa, naye mteja anatafuna uzi. Kwa nini? Njaa. Njaa ya taifa zima. Nilijisomea, nikasisimka.

Ijumaa, 8 Februari
Mpango. Dora hunipinga kwa vikadi vyake vya maandishi. Lakini siku ya Sabato haandiki wala habebi kalamu. Kesho Avigdor, mwenyekiti wa kamati, ametualika chakula cha mchana. Nitaitoa hoja mezani, Dora akiwa mikono mitupu.

Jumamosi, 9 Februari
Naandika siku ya Sabato. Mama asingenisamehe.
Niliitoa wakati wa maharagwe na nyama. Dora akaweka kijiko chini, akausoma ukurasa mzima wa hadithi ile kwa ghibu, kwa Kirusi, hata vituo nikavisikia. Kisha akaniuliza kwa upole, "Zalman Borisovich, kwenu hamkushonewa nguo mkiwa mmezivaa?" Anayeshonewa mdomo ukiwa umetulia ni maiti ndani ya sanda, akasema. Aliye hai hutafuna uzi, akili yake isishonwe pamoja na nguo. Mwandishi yule Mrusi hakujua maana yake, ila aliona, akaandika.
Nikamwona mama akilini, utotoni kule Gomel. Sindano begani pangu, uzi mdomoni mwangu. Miaka yote hiyo nilikuwa nao. Nikaisukuma sahani kando.
Avigdor akasema niongezewe maharagwe, nisije nikatafuna kitambaa cha meza.

Jumapili, 10 Februari
Chuoni, kifungo cha koti langu kilikuwa kinaning'inia. Dora akanisimamisha ukumbini, akatoa sindano, akanipa uzi nitafune. Avigdor akapita. Akauliza kama bado nautaka ufunguzi. Nifungue mdomo, uzi uanguke? Nikanyamaza. Akasema, "Haya, bwana, nimekuelewa," akaenda zake.
Dora akakata uzi, akaniambia koti limenikaa vizuri. Sijapata kumwona mtu wa namna ile.
Mchana nimempelekea Avigdor hoja mpya ya njaa ile ile, maana ufunguzi bado nautaka. Kifungo, kikitazamwa kwa makini, ni mkate.
Nitakuandikia kamati ikishaamua.