Spika Mbili, Kiti Kimoja

Wete, Pemba
9 Machi 2002

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Vyombo vya Nyumbani

Ndugu Mhariri,

KUH: YALIYONIFIKA KWA KUFUATA USHAURI WENU WA KUCHAGUA SPIKA

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoandika katika ukurasa huo, khasa yule fundi wenu wa mambo ya sauti ambaye jina lake hamlitoi. Ukimaliza kusoma utaona mlifanya vyema kutolitoa.

Mimi ni karani katika afisi ya serikali, mtu wa makamo, mwenye tumbo la kiasi na sikio moja zuri kuliko la pili. Kazi yangu ni kupokea barua za malalamiko. Kwa hivyo najua barua kama hii hufanywa nini ikifika: hutiwa muhuri, huwekwa chini ya zile zilizotangulia, na juu yake huwekwa bilauri ya chai. Nakuomba yangu uisome kwanza, chai baadaye.

Mwaka jana mlitoa makala kuhusu namna ya kuchagua spika ndogo, zile za kuweka kwenye rafu ya vitabu. Fundi wenu alisema mnunuzi agonge sanduku la spika kwa kifundo cha kidole asikie kama ni zito au tupu. Alisema spika zipangwe mbili, kushoto na kulia, kimo cha sikio la mtu aliyekaa. Kisha mwenye nyumba akae katikati, mbali na kila spika kama spika zilivyo mbali baina yao. Akamalizia kwa maneno niliyoyakata kwa mkasi nikayatia mfukoni: ukikaa hapo na kufumba macho, utaweza kuonyesha kwa kidole kila mpigaji alipokaa.

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza. Marehemu ami yangu, Nyange Hija wa Gando, alikuwa mpiga fidla, na alikuwa mtu wa kuchelewa kila pahala, hata ndani ya wimbo. Kilichobaki kwake ni kanda moja ya harusi, aliyoirekodi mgeni kutoka Maskati kwa redio yake yenye maikrofoni mbili. Fidla siku ile zilikuwa nne, na katika redio yangu ya zamani zote nne zilitoka kama nyuki ndani ya kopo. Nilitaka kukaa, kufumba macho na kusema: ami huyu hapa. Hayo tu. Sikutaka ukubwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu kugonga. Nilikwenda Chake Chake, dukani kwa Bwana Nizar, nikagonga spika moja baada ya moja huku nimetega sikio. Bwana Nizar alinitazama weee, kisha akauliza mbele ya wateja: "Bwana Mmanga, umekuja kununua spika au unatafuta fenesi lililowiva?" Nikamwambia nafuata gazeti. Akasema basi nimwachie yeye gazeti, mimi nichukue spika. Zile kubwa zenye taa za rangi zilikuwa tupu kama pipa. Nikachagua mbili ndogo, nyeusi, nzito, zisizo na taa hata moja. Nilipozifikisha nyumbani mke wangu Saada alizizunguka, akauliza zile nyengine zinakuja lini.

Haki isemwe, spika ni nzuri. Lakini tangu siku ile sokoni naitwa Mmanga Fenesi, na mwandishi wenu anaendelea kuitwa Fundi.

2. Kuhusu rafu. Nyumba yangu ina rafu moja ya vitabu, na juu yake pana Msahafu na vitabu vya marehemu baba. Fundi wenu alitaka fidla na ngoma nizipange ubavuni mwa Msahafu? Simdhanii ubaya. Labda kwao kila mtu ana rafu ya pili. Mimi spika ya kushoto nimeiweka juu ya cherehani ya Saada, na ya kulia juu ya kasha la nguo, na chini yake matofali ili vimo vilingane. Saada akitaka kushona, ya kushoto huteremshwa sakafuni, na nusu ya harusi huhamia miguuni.

Tena ile ampilifaya niliyouziwa pamoja na spika, mashine yenyewe inayopokea kanda na kuzipa sauti, Saada ameifunika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa ameweka chupa ya maua ya plastiki. Fundi wenu hakuandika neno hata moja kuhusu vitambaa. Sijui kwao, lakini nyumbani kwetu chombo cha umeme hakikai uchi mbele ya wageni.

3. Kuhusu kiti. Hapa naomba utulie. Katikati pana pahala pamoja tu. Nimepima kwa kamba. Panaingia kiti kimoja na mtu mmoja. Sasa nauliza kwa adabu: fundi wenu hana wageni? Kwetu mgeni akiingia hupewa pahala pazuri, na zamani pahala pazuri palikuwa pa kukisia, kila mtu na rai yake. Leo, kwa msaada wenu, panajulikana kwa kamba.

Siku ya kwanza kabisa, kanda nimeshaitia, hata sijakaa, akabisha hodi mkwe wangu, Bi Siti. Ulitaka nimwambie, "Mama, wewe kaa mkekani, mimi nina miadi na marehemu ami"? Alikaa kitini, akasinzia, alipoamka akasifu kwamba sauti nzuri, inalaza. Tangu hapo huja kila siku baada ya Alasiri. Mimi husikiliza nikiwa mlangoni, penye viatu. Spika nimechagua mimi, kamba nimepima mimi, na kiti kile sijapata kukikalia.

4. Kuhusu kushoto na kulia. Nina majirani wawili, Soud na Nassor. Bi Siti amewalea wote wawili mtaani, na walikuwa wakicheza dhumna upande mmoja, hawafungiki. Kisha vikaja vyama vingi. Mmoja akaingia chama hiki, mwengine kile, na tangu uchaguzi wa kwanza hawaamkiani. Soud akipita huku, Nassor huona pana kitu cha kutazama kule.

Kila mmoja alisikia nina spika mpya, na kila mmoja akaja. Na kwa kuwa hawakai mkeka mmoja, Soud alikaa kushoto, chini ya cherehani, na Nassor kulia, kwenye kasha. Mimi kwa ujinga wangu, nikitaka kuonekana mtaalamu, nikawasomea makala yenu. Nikawaeleza kwamba mashine hii hugawa muziki, baadhi huenda kushoto, baadhi kulia.

Ndugu Mhariri, neno "hugawa" si neno la kusomwa mbele ya watu hawa. Walikuwa wameshasikiliza nyimbo mbili kwa raha zao. Pale pale Soud akasema, "Ndiyo maana, yakhe. Mimi huku mwimbaji simpati, napewa ngoma tupu." Nassor, kwa kuwa hasemi naye, akauambia ukuta, "Kuna watu wamepewa fidla zote nne na bado wanalia."

5. Kuhusu yaliyofuata. Habari zilitoka nje. Siku ya pili kila upande ulikuja na watu wake, mikeka ikajaa, na kila mkeka una hakika kwamba mkeka wa pili umependelewa. Nikashauri wabadilishane. Tukaandika muafaka, karatasi moja, kwamba kila Ijumaa waliokaa kushoto wahamie kulia. Ijumaa ikafika, wakahama. Soud, aliyekuwa akililia upande wa kulia, alisikiliza kidogo akasema mwimbaji keshahama chama. Nassor naye, kushoto sasa, akaulalamikia ukuta mpya kwamba ngoma zinamuumiza kichwa na fidla hazioni.

Wakadai mwangalizi. Mwangalizi sharti akae katikati na asiwe na chama. Wakamteua Bi Siti, kwa kuwa tayari yuko kitini. Bi Siti alilala tangu wimbo wa mwanzo mpaka kanda ikaisha, akaamka, akatangaza kwamba kila kitu kilikuwa huru na cha haki, akaomba chai. Pande zote mbili ziliyakataa matokeo. Sasa kiti kina mwangalizi wa kudumu, na mimi nimebaki na viatu.

Kwa hayo naomba mtoe masahihisho, kwa herufi kubwa, kwamba muziki haugawiki. Kama hilo ni gumu kitaalamu, basi fundi wenu aje Wete awaambie yeye mwenyewe. Chakula na malazi juu yangu, ila asitarajie kiti. Na kama haji, mabingwa wenu watengeneze spika ambayo kila asikilizaye atajikuta yuko katikati. Hilo nalo likishindikana, naomba cheti chenye sahihi yako na muhuri, kinachoniruhusu kumwondoa mkwe wangu pahala alipokaa, kwani mimi kwa mdomo wangu sitathubutu.

Msalimie fundi, na wapiga chapa, na yule anayefungua barua, ambaye ni mwenzangu. Saada anakusalimu na anauliza kama mna makala ya vitambaa. Bi Siti angekusalimu lakini amelala.

Ni mimi msomaji wenu, nikiwa bado mlangoni,

Mmanga Talib

TANBIHI: Haya nayaandika siku ya pili yake. Kabla ya kufunga bahasha niliona ni uungwana kumtajia fundi wenu aina ya ampilifaya yangu. Nikaondoa maua, nikafunua kitambaa. Chini ya ile chupa pana kitufe kidogo, na chupa imekidumbukiza ndani. Nikatafuta kijitabu chake. Kinasema kitufe hicho kikiwa ndani, mgawo huondoka, na spika zote mbili hutoa sauti moja, ile ile.

Kitambaa na chupa viliwekwa siku ile ile spika zilipofika. Ina maana tangu mwanzo kushoto na kulia walikuwa wakipata mwimbaji yule yule, ngoma zile zile, fidla zile zile. Mkweli alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amelala.

Saada na mama yake walikuwa wamekwenda Kengeja kumtazama mzazi aliyejifungua. Nikakifyatua kitufe. Nikarudisha kanda mwanzo, nikakaa kitini, nikafumba macho. Nyuki wakatoka koponi, mmoja mmoja. Fidla ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha, upande wa cherehani, nyuma kidogo, ikaingia ya nne, imechelewa. Nikanyoosha kidole.

Wimbo haujaisha nikasikia viatu vinavuliwa mlangoni. Soud. Na nyuma yake, kwa umbali wa watu wasiojuana, Nassor. Nikakirudisha kitufe ndani, nikafunika kitambaa, nikapachika maua juu yake, nikenda kukaa pahala pangu.

Wanakuja kila siku, Ndugu Mhariri. Tangu uchaguzi ule hawakuwahi kuwa chini ya paa moja isipokuwa kwangu, na wanachokuja kugombania ni kile ambacho wote wawili wanakipata. Wakijua, kila mmoja atabaki kwake. Jana Nassor aliuuliza ukuta kama yule wa upande wa pili ameshapewa chai.

Basi barua hii naituma kwa kuwa stempu nimeshaibandika, lakini usiichapishe. Itie muhuri, iweke chini ya zile zilizotangulia, na juu yake weka bilauri.