Kidole Gumba Kilichowaokoa Uduvi

Enyi mlioketi na mliosimama, zimeni redio, mtoto anayelia na abembelezwe, kisha mnisikilize mimi, mdogo wake mke wa shujaa, niliyeyashuhudia haya kwa macho yangu mawili nikiwa kochini na kikombe cha chai mkononi, wala sikuinuka kusaidia.

Namwimba Shemeji, dereva wa lori, Simba wa Sebule, Mfalme wa Tangi la Kioo, ambaye chini ya himaya yake waliishi uduvi wekundu wa maji yasiyo na chumvi, kila mmoja mdogo kuliko ukucha. Katika uzao uliopita vitoto vyao vilikosa pa kujificha, na pampu ya kusafishia maji, adui asiyelala wala kushiba, ikavifyonza vyote. Mtu huyu aliyewahi kupasukiwa na tairi mteremkoni asipepese jicho, siku ile alilia. Nilimwona.

Sasa mama uduvi mmoja alikuwa amebeba mayai tena chini ya mkia, nayo yalikuwa karibu kuanguliwa. Ngome ilitakiwa upesi: kuvumwani, yale manyoya ya kijani yaotayo penye unyevu, yashikizwe juu ya gogo lililookotwa mtoni, vichanga wapate maficho. Gogo lenyewe lilikwisha kuchemshwa ndani ya sufuria kubwa ya dada yangu mpaka likaacha kuelea. Habari za sufuria hiyo ni vita vingine.

Dada, fundi cherehani, akasema bila kuinua macho, "Baba watoto, funga na uzi. Ninao tele."

Shujaa akasimama, akapanua kifua. "Mke wangu! Uzi ni wa pindo za sketi. Mimi nitatumia gundi, gundi hii hii iliyoshika kioo cha lori langu masika na kiangazi! Au uduvi wangu wameomba sketi?"

"Haya, baba. Mimi simo."

Basi akaing'ata tyubu kwa meno, akamimina, akalitandaza jeshi la kijani juu ya gogo na kulikandamiza kwa kidole gumba, kwa nguvu zote alizojaliwa. Kuvumwani ikashika. Kidole nacho kikashika. Alipoinua mkono kushangilia, gogo likainuka naye.

Nikamwambia, "Shemeji, kaa nalo tu, utazoea."

Dada akaja na chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. "Lete mkono. Tone moja tu, unabanduka."

"Rudi nyuma!" akanguruma. "Gogo likinywa dawa hiyo, wanangu watakufa wote!"

"Wanao wako shule."

Aliuzamisha mkono tangini, gogo, gundi, shati na vyote, akalilaza gogo mchangani taratibu, akasimama pale ameinama akisubiri maji yamlegeze. Ndipo mama uduvi alipotoka nyuma ya pampu, akapanda juu ya ile kuvumwani, akavuka mpaka kwenye kidole, akaanza kula kana kwamba kaandaliwa yeye.

"Amenipanda," Shemeji akanong'ona. Nikaweka kikombe chini. Hata mimi sikucheka.

Alingoja mpaka mgeni wake akateremka mwenyewe. Kisha akauma kola ya shati, maana ukelele ungewatia uduvi hofu, akavuta. Kidole kikatoka, ngozi ya ncha yake ikabaki chini ya kuvumwani, msingi wa ngome. Dada akakifunga kwa kitambaa, akakizungushia uzi, akakata kwa meno. "Unaona? Uzi umepata kazi."

Wiki ile ile vitoto vilionekana vikitambaa ndani ya kijani, vingi, na pampu ikalala njaa. Na iandikwe katika kumbukumbu za nyumba hii, chini ya habari za sufuria: tangu siku hiyo Shemeji akigusisha kidole chake kwenye simu ili ifunguke, simu inamkataa, haimjui. Akikigusisha kwenye kioo cha tangi, uduvi wote wanakuja.