Kamusi ya Gershom na Pumzi Yangu

Jumatatu, 2 Machi 1987. Kisauni.

Zahanati asubuhi. Daktari, kijana ambaye ndevu hazijamkolea, akanisikiliza kifua, akaandika neno moja kwenye kadi: dyspnea. Akanipa vidonge. Nikamuuliza maana. Kupumua kwa shida, akasema. Hilo nalijua, nimepanda ngazi za mlango wake nikihema kama mbuzi aliyekimbizwa. Nilitaka asili ya neno. Akaita mgonjwa mwingine.

Jioni barazani nikawaeleza wenzangu kwamba neno ni la Kiarabu, kwani utabibu wote Wazungu waliuchota kwa Waarabu. Ghalib, karani mstaafu ambaye bado huvaa kalamu mfukoni, akasema ni la Kiyunani. Akaongeza: Bwana Mbarak, kwako kila neno usilolijua ni la Kiarabu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ada ya baraza letu ni moja. Anayeshindwa kwa hoja humpisha mshindi mahali pake. Pangu ni ubavuni mwa mlango, upepo unapopita. Nilipewa na marehemu mwenye nyumba hii tunayopanga, mwaka nilipofika kutoka Rubu, kijijini kwetu kaskazini, vita vimetutoa, hata mkeka sina. Ni hapo tu kifua changu hufunguka. Ghalib anapatamani tangu zamani. Tumeagana kila mtu alete ushahidi wake Ijumaa.

Jumanne, 3 Machi.

Changamwe kwa Gershom, mwalimu mstaafu wa kutoka bara. Ana kamusi ya Kiingereza kubwa kama jiwe la machimbo ya Mwakirunge. Nikafungua. Kiyunani. Dus, ubaya au ugumu. Pnoe, pumzi. Nikasoma tena kwa miwani ya mke wake. Kiyunani vilevile. Waarabu hawakutajwa hata kwa adabu.

Gershom akauliza, Mzee, umepata? Nikasema bado, jambo hili lataka utulivu wa nyumbani. Akaniazima. Shabaha yangu: Ghalib asiione kamwe.

Kuibeba kumenimaliza. Njiani nimeikalia kila nilipokosa pumzi.

Alhamisi, 5 Machi.

Ghalib anazunguka Kisauni nzima akitafuta kamusi. Atafute.

Mke wangu, Mwanatumu, ameiona uvunguni. Nikamwambia ni amana. Akaitia ndani ya foronya, akaiweka chini ya mto wangu ili kichwa kiinuke. Nimelala kama mtoto. Labda ni vidonge, ingawa sijavimeza. Nangoja kwanza kesi iishe.

Ijumaa, 6 Machi.

Baraza lilijaa baada ya sala. Ghalib mikono mitupu. Nikazungumza kwa kirefu juu ya matabibu wa Baghdadi. Wazee wakaanza kuniitikia kwa vichwa.

Mara Gershom huyo, na koti lake katika joto hili. Ati mjukuu wake ana mtihani, anaomba kamusi yake. Nikamwambia arudi kesho. Lakini Mwanatumu alishasikia sauti ya mgeni. Akaitoa mlangoni, foronya ya maua na vyote.

Ghalib akaivua foronya polepole, kama anayemvua maiti kanzu. Akalamba kidole. Akasoma kwa sauti. Kisha akaniangalia nilivyokuwa nikihema, akafunga kitabu. Akasema: Ndugu yangu, kaa papo hapo, upepo huu ni dawa yako. Wewe sema tu, ni Kiyunani.

Neno moja. Baraza zima likingoja.

Nikasimama nikampisha. Wallahi sihongwi kwa upepo.

Jumamosi, 7 Machi.

Nimekaa upande wa ukuta, jirani na jiko la kahawa. Moshi wote wangu. Ghalib amekaa pangu, shati linampepea. Usiku sikulala, kamusi imerudi Changamwe. Nimemkasirikia Ghalib, na Gershom, na Wayunani wote, walio hai na waliokufa.

Mwanatumu anasema ningetamka neno moja tu, sasa ningekuwa napumua. Nikamwambia elimu haiendi hivyo. Akaigeuza kadi ya zahanati, akanionyesha nyuma yake daktari ameandika neno jingine: asthma. Hili ndilo la vidonge, akasema, baba Tima, tafadhali meza.

Nikalitazama sana. Nikalitamka taratibu. Lina sauti ya kwetu kabisa. Kiarabu hicho, hata mtoto wa chuo cha Kurani atakujulisha.

Nimempelekea Ghalib ujumbe asipazoee mahali pangu. Kesho alfajiri naenda Changamwe kuazima kamusi.

Vidonge vitangoja.